Jeraha Dogo la Farasi: Maji au Spiriti, Barafu au Kukanda, Bandani au Zahanati

Katika mabanda ya farasi ya Karen, Lang'ata na Ngong Road jijini Nairobi, na kwa vijana wanaowapandisha wageni farasi kwenye fukwe za Mombasa na Diani, majeraha ya kila wiki si yale ya kuanguka kutoka mgongoni ambayo watu hupenda kuyasimulia. Ni madogo, na humpata mtu akiwa amesimama chini: kidole cha mguu kilichokanyagwa wakati wa kusafisha kwato, kiganja kilichochunwa na kamba, bega lililong'atwa wakati wa kukaza mkanda wa tandiko, paja lililopigwa teke. Saisi, yaani mtunza farasi, aliye mzoefu huyahesabu kuwa sehemu ya kazi, na mara nyingi yuko sahihi kwa sababu mengi hupona. Shida ni kwamba yale yatakayogeuka kuwa mabaya hufanana sana, siku ya kwanza, na yale yatakayopona, na kinachoyatenganisha ni uamuzi uliofanywa ndani ya saa ya kwanza kwa kutumia vitu vilivyokuwa karibu.

Hapa ninalinganisha njia ambazo mtu wa banda la farasi hujikuta akichagua kati yake, na kila mahali nitasema ni ipi ninayoipendekeza na kwa nini. Kipimo ninachokitegemea kuliko vingine ni kuuliza jeraha liko wapi na limepatikanaje, kabla ya kuuliza linauma kiasi gani au limetoa damu kiasi gani. Mchubuko mpana wa mkono unaovuja damu unaweza kushughulikiwa bandani kwa utulivu, ilhali teke la tumboni lisiloacha hata alama kwenye ngozi linapaswa kumpeleka mtu hospitalini siku hiyo hiyo.

Kidonda kichafu: maji, spiriti, au kopo la dawa ya mifugo

Kwenye rafu ya banda huwa kuna vitu vitatu vinavyogombea kidonda kibichi. Cha kwanza ni maji na sabuni, cha pili ni chupa ya spiriti au haidrojeni peroksaidi, na cha tatu ni kopo la kupuliza la dawa ya vidonda vya mifugo, lenye rangi ya bluu au zambarau inayoganda kwenye ngozi kwa siku kadhaa na kumpa mtu hisia kwamba ametibiwa kweli kweli.

Maji yanashinda kwa mbali. Kinachofanya kidonda cha bandani kitunge usaha ni uchafu ulioingia ndani yake, yaani mavi, udongo, nywele na vipande vya nyasi kavu pamoja na bakteria walioshikamana navyo, na uchafu huo huondolewa na mkondo wa maji kuliko ukali wa dawa. Tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali katika kuosha vidonda hazikuona kwamba maji ya bomba yanaongeza maambukizi. Pasipo na maji ya kuaminika, yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha. Jambo linalokosewa ni muda. Wengi hupitisha mkono chini ya mfereji kwa sekunde chache, damu ikipungua wanaona wamemaliza, ilhali kidonda chenye uchafu kinahitaji dakika 5 hadi 10 za maji yanayotiririka, kingo zake zikiachanishwa taratibu kwa vidole safi ili maji yafike chini, mpaka pasibaki doa jeusi hata moja. Kipande kilichong'ang'ania kitolewe kwa kibano kilichopanguswa kwa spiriti, na hiyo ndiyo kazi inayoifaa zaidi spiriti katika habari hii yote.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua bakteria, hilo ni kweli, lakini huua pia chembe hai za mwili ambazo ndizo zinazotakiwa kujenga ngozi mpya. Povu la peroksaidi linalowafurahisha watu si dalili kwamba uchafu unatoka. Ni oksijeni inayotoka pale dawa inapokutana na damu na tishu. Anayetaka dawa ya kuua vijidudu baada ya kuosha atafanya vizuri zaidi kutumia iodini aina ya povidoni, akiichanganya na maji safi hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea sana, isipokuwa kama ana tatizo la tezi ya shingo, ni mjamzito, au iodini humdhuru, ambapo aulize kwanza kwenye duka la dawa.

Ama kopo la mifugo, libaki kwa mifugo. Dawa yake haikupimwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu, baadhi ya makopo huwa na kiua wadudu kilichowekwa kuzuia mabuu, na rangi yake hukifunika kidonda hata tabibu akashindwa kuona kama ngozi imebadilika. Majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno na unga wa kahawa havina nafasi yoyote. Asali ni suala la namna yake, kwa sababu kweli imefanyiwa utafiti na ina uwezo wa kusaidia vidonda vya kuungua, lakini asali inayotumiwa hospitalini husafishwa kwa mionzi kuua mbegu za bakteria, jambo ambalo asali ya sokoni haikufanyiwa. Kwa kidonda kidogo kilichooshwa vizuri, vaselini safi chini ya shashi inatosha, kwa kuwa ngozi hupona upesi zaidi ikiwa na unyevu kuliko ikiachwa ikauke na kufanya gaga.

Uvimbe wa teke: barafu au kukanda

Hapa ndipo malezi yetu na mafunzo ya huduma ya kwanza yanapopishana. Bara na pwani, sote tumekulia katika nyumba ambamo aliyevimba hukandwa: maji ya moto, kitambaa, pengine chumvi kidogo, halafu mafuta ya kuchua. Wanaokanda hufanya hivyo kwa upendo, na sipendi jambo hili lizungumzwe kana kwamba ni ujinga, kwa sababu joto kweli hulegeza misuli na huondoa maumivu ya jeraha lililokwisha tulia. Tatizo lake ni wakati.

Katika saa 48 za mwanzo, mishipa midogo iliyopasuka chini ya ngozi bado inavuja. Joto huitanua, damu ikaongezeka, na uvimbe ukakua. Kuchua kwa nguvu ni hatari zaidi, hasa kwa paja. Teke la farasi likigandamiza msuli mkubwa wa mbele ya paja juu ya mfupa, damu hujikusanya ndani kabisa, na msuli huo ukisuguliwa mapema unaweza kuota mfupa ndani yake, hali inayochukua miezi kutulia na inayomzuia mtu kukunja goti. Baridi, kwa upande wake, hupunguza maumivu na hubana mishipa. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, iondolewe, na irudiwe baada ya saa mbili au tatu mtu akiwa macho. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya ngozi huiunguza. Banda lisilo na friji halijakosa kitu, maana mpira wa maji ambao saisi huutumia kupoza miguu ya farasi baada ya mazoezi hufanya kazi hiyo hiyo kwenye mguu wake mwenyewe.

Ni haki kueleza kwamba hata wataalamu hawajakubaliana kwa kila kitu kuhusu barafu. Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisema kwamba barafu na mapumziko marefu vinaweza kuchelewesha uponaji. Ninavyouelewa mjadala huo, barafu ni dawa ya maumivu ya siku ya kwanza na ya pili, haistahili kugeuzwa kuwa tiba ya wiki nzima. Kuanzia siku ya tatu, uvimbe ukiwa umeacha kukua, maji ya uvuguvugu na kutembea taratibu hufaa zaidi, na hapo ndipo kukanda kunapopata mahali pake halali. Kwa hiyo si lazima mtu amkatalie bibi yake. Amwombe tu asubiri siku mbili.

Kuna hali moja ambayo haitibiwi kwa baridi wala kwa joto. Mguu wa chini ya goti ukipigwa teke, kisha maumivu yakazidi saa hadi saa badala ya kupungua, msuli ukakaza, na vidole vikaanza kufa ganzi au kuuma sana vinapokunjwa, maana yake shinikizo limepanda ndani ya msuli na linakata damu. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na saa chache huamua kama msuli utabaki hai.

Mguu uliokanyagwa: kuvua buti au kuliacha

Farasi wa kilo 500 hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, kwa hiyo ukwato mmoja wa mbele uliotulia juu ya mguu wa mtu una karibu kilo 150, na akigeuka huku amekanyaga, ukwato husaga. Jambo la kwanza hufanyika kabla ya huduma yoyote: usivute mguu. Kuuvuta huchuna ngozi yote ya juu. Badala yake, sukuma bega la farasi kwa kiganja au kiwiko upande wa ule mguu uliokukanyaga, naye atahamishia uzito wake upande wa pili na kuinua ukwato mwenyewe.

Baada ya hapo huja swali linalogawanya watu. Wapo wanaosema buti lisivuliwe kwa sababu linashikilia mguu kama gango na linazuia uvimbe, na wapo wanaosema livuliwe upesi. Wote wana hoja, ila wanazungumzia majeraha tofauti. Ikiwa kifundo cha mguu kimepinda, au mtu hawezi kabisa kuusogeza mguu na safari ya hospitali ni fupi, buti la ngozi linaweza kubaki, kamba zake zikilegezwa, ili mfupa usichezwe. Lakini kwa mguu uliokanyagwa sehemu ya vidole, ambalo ndilo tukio la kawaida, buti livuliwe katika dakika za kwanza. Gumbuti la mpira haliruhusu mguu kuvimba, na likisubiriwa kwa saa moja litalazimika kukatwa kwa mkasi. Zaidi ya hayo, asiyevua haoni, na kidonda kilichofichwa ndani ya soksi yenye jasho hukutwa jioni kikiwa na uchafu uliokwisha kukaa. Pete ya kidole cha mkono kilichobanwa nayo hufuata kanuni hiyo hiyo: itolewe sasa, kabla ya uvimbe.

Kuhusu picha ya eksirei, kuna kipimo kizuri kilichotungwa na madaktari wa Ottawa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 1992, ambacho kinatumika hadi leo kwa kifundo na sehemu ya kati ya mguu. Mtu aliyeshindwa kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, mara baada ya kuumia na tena anapopimwa, anahitaji picha. Vivyo hivyo aliye na maumivu mfupa unapobonyezwa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa vifundo vya pembeni, kwenye kitako cha mfupa wa nje ulioko upande wa kidole kidogo, au kwenye mfupa ulio juu ya upinde wa mguu. Kipimo hicho hakihusu vidole vyenyewe. Kidole kidogo cha mguu kilichovunjika bila kupinda mara nyingi hufungwa tu pamoja na jirani yake, pamba ikiwa katikati, kwa wiki tatu hadi sita; kidole gumba cha mguu, kwa kuwa ndicho kinachosukuma mwili wakati wa kutembea, kionwe na tabibu.

Ukucha uliogeuka mweusi mara moja na unaodunda kwa maumivu una damu iliyonaswa chini yake. Ukivumilika, uachwe. Usipovumilika, mhudumu wa afya anaweza kuutoboa tundu dogo na maumivu yakaisha papo hapo, mradi aliyeumia afike ndani ya siku moja au mbili, kabla damu haijaganda. Nimeona watu wakifanya jambo hilo wenyewe kwa sindano ya kushonea iliyopashwa moto, na ninalipinga kwa moyo wote, kwa sababu chini ya ukucha huo huenda mfupa umevunjika, na tundu lililotobolewa kwa mkono mchafu huupa uchafu njia ya kuufikia.

Kiganja kilichochunwa na kamba

Kamba inayopita kwa kasi kiganjani huunguza na kuchuna kwa wakati mmoja, kwa hiyo itibiwe kwanza kama moto, yaani maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha kama mchubuko. Kati ya kuiacha wazi "ipate hewa" na kuifunika, kufunika ni bora, lakini si kwa shashi kavu, ambayo hushikamana na nyama mbichi na kuichana upya kila inapobadilishwa. Shashi iliyopakwa mafuta, ile inayouzwa ikiwa kwenye pakiti ndogo za bati, au shashi ya kawaida yenye vaselini nyingi, hutoka bila kuumiza. Malengelenge yaliyofunga yasitumbuliwe.

Kamba zenyewe nazo hulinganishwa. Ya nailoni ni imara na haiozi, lakini ndiyo inayounguza zaidi kwa sababu ni nyembamba na huteleza. Ya katani hukwaruza na kuacha vijiti kwenye ngozi. Ya pamba nene ndiyo rafiki wa mkono, ingawa hulowa na kuchakaa mapema. Ningechagua ya pamba na glavu za ngozi. Aina yoyote iwayo, kamba isizungushwe kiganjani wala kwenye kidole, kwani farasi akishtuka itakaza, na kinachofuata si mchubuko tena bali kidole kilichovuliwa ngozi au kukatika.

Meno

Farasi huminya kuliko kutoboa, na ngozi isipochanika, alama yake hushughulikiwa kwa baridi kama uvimbe mwingine wowote. Ngozi ikichanika, hata kidogo, mambo hubadilika. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, muda ambao Shirika la Afya Duniani linauelekeza kwa mng'ato wa mnyama anayeweza kuwa na kichaa cha mbwa, kisha mtu aende zahanati hata kama panaonekana padogo, hasa akiwa ameng'atwa mkononi au usoni. Mkono una kano na viungo vilivyo karibu sana na ngozi, na bakteria wa mdomoni wakifika huko huharibu haraka. Tabibu ataamua kama dawa za antibayotiki zinahitajika, na kidonda cha mng'ato mara nyingi huachwa bila kushonwa ili kisifungie usaha ndani.

Kichaa cha mbwa kwa farasi ni nadra, na binadamu karibu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa. Hata hivyo farasi anaweza kuambukizwa na mbwa, kwa hiyo aliyeng'atwa na farasi aliyebadilika tabia ghafla, anayeshindwa kumeza, anayetoa ute mwingi au kuyumba, amweleze tabibu hivyo hivyo alivyoona na amwite daktari wa mifugo.

Dawa ya maumivu: parasetamoli, ibuprofeni, au ile ya farasi

Kwa jeraha dogo parasetamoli ndiyo ya kuanza nayo, miligramu 500 hadi 1,000 kwa mtu mzima, kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu ya uvimbe vizuri zaidi, lakini huchubua tumbo na kuelemea figo, kwa hiyo zimezwe baada ya chakula na ziepukwe na wenye vidonda vya tumbo, wenye matatizo ya figo na wajawazito. Mwenye pumu aulize kwanza. Aliyepigwa kichwani asizimeze kabla ya kuonwa, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kuvuja kwa damu.

Katika kabati la banda, hata hivyo, huwa kuna pakiti za fenilibutazoni, dawa ambayo daktari wa mifugo humwandikia farasi anayechechemea. Saisi huona jinsi inavyomrudisha farasi kwenye mwendo wake kwa siku moja, na kishawishi cha kulamba kidogo mgongo unapouma kinaeleweka. Asithubutu. Dawa hiyo iliondolewa katika matumizi ya kawaida ya binadamu kwenye nchi nyingi kwa sababu inaweza kuuzuia uboho kutengeneza damu, na madhara hayo yanaweza kuua. Kabati la dawa za farasi liwe na kufuli, na parasetamoli ya watu iwekwe mahali pengine kabisa.

Sindano ya pepopunda: kabla au baada

Hakuna banda la farasi lisilo na mbegu za bakteria wa pepopunda, kwa sababu huishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, hasa ya farasi. Kwa hiyo kila kidonda cha bandani kihesabiwe kuwa kichafu, hata mchomo mdogo wa msumari wa kiatu cha farasi, ambao kwa kweli ni mbaya kuliko mchubuko mpana kwa kuwa mbegu hizo hustawi pasipo na hewa. Ugonjwa huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21, kwa taya kukaza, wakati kidonda chenyewe huenda kimekwisha kusahaulika.

Kwa aliyekamilisha chanjo, kidonda kichafu kinahitaji sindano ya kuongeza nguvu ikiwa imepita miaka 5 tangu ile ya mwisho, na bila jeraha lolote huongezwa kila miaka 10. Asiyejua historia yake, au aliyepata chini ya sindano tatu maishani, huhitaji kuanza chanjo na, kwa kidonda kichafu, kupewa pia kingamwili zilizo tayari. Kingamwili hizo za zamani zilitengenezwa kutokana na damu ya farasi, ugunduzi uliotokana na kazi ya Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo mwaka 1890, na bado hutumika mahali ambapo zile za binadamu hazipatikani, ingawa huweza kuleta mzio.

Kati ya kuchanjwa mapema na kukimbilia sindano baada ya kuumia, mapema ndiyo njia ya busara, na nina sababu mahususi ya kulisisitiza hili kwa masaisi. Wanawake wetu hupata sindano ya pepopunda kliniki wanapokuwa wajawazito. Wanaume, ambao ndio wengi mabandani, walipata za utotoni, zile za wiki ya 6, 10 na 14, na wengi hawajachomwa tena tangu hapo. Mwenye banda anaweza kuwapeleka wafanyakazi wake wote zahanati katika asubuhi moja, na kadi zao akazihifadhi pamoja na za chanjo za farasi, ambao kwa kawaida wamechanjwa dhidi ya ugonjwa huo huo.

Kubaki bandani au kwenda

Mchubuko uliooshwa, mvilio wa damu mkononi au pajani usioongezeka, mng'ato usiochana ngozi, kidole kidogo cha mguu kisichopinda: haya hubaki bandani, yakiangaliwa kila siku. Kidonda kilichoachama, kinachofika kwenye mafuta au kano, kilicho juu ya kiungo, au ambacho damu yake haikomi baada ya kugandamizwa kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, kiende siku hiyo hiyo ili kiweze kushonwa kabla hakijachelewa. Kidole cha mkono kilichoteguka au kisichonyooka nchani kisivutwe na yeyote, awe mwenzako au fundi wa kuunga viungo anayesifiwa mtaani, kwa sababu kuvuta kidole chenye ufa ndani yake hukamilisha kuvunjika.

Kichwa, shingo, kifua na tumbo havina jeraha dogo. Aliyepigwa kichwani asiachwe peke yake, asirudi kwenye tandiko siku hiyo hata akisema yuko sawa, na apelekwe hospitali mara moja akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au kichwa kikizidi kuuma. Teke la tumboni linaweza kupasua bandama au ini bila ngozi kuonyesha kitu. Maumivu yanayofika begani, kizunguzungu na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ni dalili za damu inayovuja ndani.

Kwa vidonda vilivyobaki nyumbani, vitabu vingi humwambia msomaji atazame wekundu unaosambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo ni afadhali kutumia mkono kuliko jicho: gusa pembeni kwa mgongo wa vidole uone kama joto linapanuka kupita lilivyokuwa jana, tazama kama ngozi imekaza na kung'aa au imezidi weusi kuzunguka kidonda, na uliza kama kuna mtoki kwenye kinena au uvimbe kwapani. Ukiuzungushia uvimbe mstari wa kalamu leo, kesho utajua kwa hakika kama umevuka. Ukivuka, au homa ikiingia, ni zahanati.

Kuandika au kunyamaza

Masaisi wengi hunyamaza kuhusu majeraha madogo kwa kuogopa kuonekana wazembe au kupoteza siku. Kuandika kunawalinda zaidi. Nchini Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri, na mwajiri aitaarifu serikali. Tanzania, fidia hupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kidole kilichokanyagwa Jumatatu kikaoza Ijumaa, bila kumbukumbu, ni vigumu kuthibitisha kilikoumizwa. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa, farasi gani, sehemu ya mwili, kilichofanywa, jina la shahidi.

Kuhusu sanduku la huduma ya kwanza, lile linalouzwa likiwa limejazwa tayari lina plasta nyingi ndogo ambazo hazishiki kwenye mkono wenye jasho na vumbi. La kujaza mwenyewe hugharimu kidogo zaidi ya muda wa kupita duka la dawa, na ndilo ninalolipendekeza: bendeji pana za kunyumbuka, shashi yenye mafuta na shashi kavu, plasta ya kukata ya kitambaa, glavu, kibano, mkasi unaoweza kukata gumbuti, iodini ya povidoni, sabuni, parasetamoli, na kalamu. Liwekwe karibu na mfereji wa maji nje ya chumba cha matandiko, kwa sababu chumba hicho hufungwa jioni na ufunguo huondoka na mtu.